Mzigo wa Kufikirika

Dada Ornella,

Nakusihi, haya yasimfikie hata Maman.

Ukumbi mpya wa kwaya yenu hapo Cimpunda, hesabu za nguzo zake za chuma niliziingiza mimi kwenye kompyuta. Hakuna nguzo inayosimama wima kabisa, ndiyo maana programu huisukuma kidogo ubavuni kwa mzigo wa kufikirika, kisha huipima tena ikiwa imeinama. Nguzo zetu zilishindwa. Patron, bosi wangu, akacheka: "Muzigo ya kufikiria iko inaua nani? Toa ile, Gloire!" Nikautoa, zikapita. Ripoti ina jina langu, na paa limeshapanda.

Jumapili imbieni nje, tafuta sababu yoyote. Lakini mvua ikinyesha watu wataingia tu.

Usinipigie simu. Niko Mumosho kwa tonton Fabien, mjomba wetu. Ukiwa na neno, mtume mtu anayenijua kwa sura, asitaje ukumbi.

Mdogo wako,
Gloire