Baba, Ulikuwa wa Gakuru au wa Amolo?

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuondokee, Baba, ukatuachia ubishi ulioanzisha mwenyewe na hukuumaliza. Tulitaka kuandika hapa kwamba ulikuwa mtu mtulivu. Mama amekataa. Amesema hatutadanganya watu gazetini, hasa wale waliokujua.

Ulikuwa fundi wa pampu za visima. Kuanzia Kitengela hadi Kajiado mjini, ni maboma machache yenye kisima ambako hukuwahi kulala kifudifudi kwenye simiti, sikio chini, ukisikiliza mota. Mtu akikosa maji ulienda hata Jumapili, na Mama akabaki kanisani amekuwekea nafasi ambayo hukuja kuikalia. "Maji kwanza," ulikuwa ukisema. "Hayo mengine tutaongea."

Shida ilikuwa hayo mengine. Hayo mengine yalikuwa Radi Nyeusi.

Kwa wasioijua, Radi Nyeusi ni bendi ya roki, ule muziki mzito wa magitaa yanayonguruma. Ilianza Mama akiwa bado msichana wa shule, na mpaka leo wazee wale wanapiga, vipara na yote. Mwanzoni mwimbaji alikuwa Gakuru, mwenye sauti ya kukwaruza. Baadaye Gakuru akajitoa, akaingia Amolo mwenye sauti laini, na kinanda kikaingia naye. Tangu siku hiyo mashabiki waligawanyika. Kuna wa enzi ya Gakuru na kuna wa enzi ya Amolo, na hawapatani.

Sisi nyumbani tulijua wewe ni wa Gakuru. Tungekosaje kujua? Asubuhi chai haijachemka, tayari umefungulia "Jiko la Chuma" mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Mama alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni, "Baba Ndanu, punguza! Majirani nao ni watu!" Ulipunguza kidogo, kiasi cha kutuwezesha kusikia hotuba yako kuhusu jinsi kinanda kilivyoua bendi.

Baba, tunakumbuka siku ya ntheo ya binti yako Ndanu, siku ya kupokea mbuzi wa posa. Hatujaisahau na hatujakusamehe kabisa. Familia ya Khisa, mchumba wake, ilitoka Embulbul na mbuzi wao, wamevaa vizuri, wanafuata mila yetu ya Kikamba ingawa wao ni watu wa Bungoma. Mjomba wa Khisa alikuwa ameanza kuongea kwa adabu. Ndipo baba yake Khisa, Mzee Wasike, akaona picha ya bendi ukutani, akasema kwa wema kabisa, "Aa, Radi Nyeusi! Hawa walikuja kuwa bendi ya maana Amolo alipoingia."

Baba Muema, kaka yako, alikushika mkono. Hukushikika.

"Ati alipofanya nini?" ukauliza.

"Alipoingia. Kabla ya hapo ilikuwa kelele tu."

"Mzee, umekuja kuoa ama umekuja kutukana?"

Mkatoka nje nyinyi wawili. Nyama ikapoa. Wazee wa pande zote wakabaki kutazamana. Ndanu alikuwa chumbani amevaa, anasubiri kuitwa, na Shangazi Evalyne akimwambia usilie, poda itatoka. Mama alipochoka kuwangoja aliwafuata, akawakuta nyuma ya tangi la maji, simu ya Mzee Wasike ikilia muziki, kila mmoja amenyoosha kidole kwa mwenzake.

"Mbuzi wanakula maua yangu," Mama akasema. "Na msichana amevaa tangu asubuhi. Mtaingia ama nimwoze mwenyewe?"

Mliingia. Mbele ya wageni wote ukatangaza kwamba unamkubali kijana, lakini baba yake ana masikio mabovu. Khisa anasema alikuwa tayari ameanza kufikiria njia ya kurudi nyumbani kwa miguu.

Tulidhani mtakuwa maadui. Ingekuwa afadhali. Badala yake kila Jumamosi ama wewe uko Embulbul, ama Mzee Wasike yuko kwetu, na hakuna anayesikia habari kwenye redio. Mama alipika, akaosha vyombo, akapika tena. Mlibishana hata kuhusu mpiga ngoma! Siku Ndanu alipojifungua, nyinyi babu wawili mlifukuzwa wodini mkigombana mtoto asikizwe nini kwanza.

Halafu moyo wako ukaanza kuchoka. Daktari alisema upumzike, usipandishwe hasira. Tulimwomba Mzee Wasike asikutembelee kwa siku chache. Alikuja. Akaketi kando ya kitanda, akavua kofia, akasema kwa sauti ya chini, "Mkwe, nimefikiria sana. Uko sawa. Enzi ya Gakuru ndiyo enzi."

Tuliona alikuwa akijikaza. Miaka yote ile hakuwahi kurudi nyuma hata hatua. Nawe ukafanya nini, Baba? Uliinua kichwa ukakasirika.

"Wasike, usinikubalie kama maiti. Na lile gitaa la 'Chumvi ya Magadi', hilo utaliweka wapi?"

Mzee Wasike akashangaa. "Lakini huo ni wimbo wa Amolo."

"Kwani Amolo hakuimba vizuri? Bishana na mimi, bwana!"

Muuguzi akaja akamtoa nje. Aliondoka akitikisa kichwa, akatuambia ni dawa zinakusemesha. Kesho yake asubuhi ulituacha, Mama ameshika mguu wako.

Tulikuzika Kisaju, kwenye shamba ulilolipenda. Kwaya ilipomaliza, Mzee Wasike alisimama na spika ndogo. Alisema yeye ni mtu wa Amolo na atakufa mtu wa Amolo, lakini leo, kwa heshima ya mkwe wake, atacheza "Jiko la Chuma", wimbo ambao marehemu aliupenda kuliko zote.

Kabla hajabonyeza, mzee mmoja mwenye shuka jekundu akainua fimbo yake. Alikuwa Mzee Sankale wa Isinya, mfugaji ambaye ulimtengenezea pampu tangu sisi tukiwa watoto.

"Hapana," akasema. "Hiyo sio yake. Huyu mtu alikuwa wa Amolo kabisa. Mimi ndio wa Gakuru. Tumebishana na yeye miaka mingi. Wimbo wake ni 'Chumvi ya Magadi'."

"Wewe umekuja kuzika mtu mwingine," Mzee Wasike akamjibu.

"Niko na akili yangu. Huyu ni Masila, fundi."

Baba Muema naye akaingilia kati. Yeye, ambaye anapenda enzi zote mbili, alisema ulimwambia bendi nzima iliharibika siku waliponunua spika kubwa. Watu wakaanza kunong'ona. Mchungaji akasema, "Wapendwa, wapendwa," hakuna aliyemsikia. Waombolezaji waligawanyika pande mbili za kaburi, Baba. Kaburi lako! Na wewe uko hapo katikati, umenyamaza kwa mara ya kwanza.

Mama ndiye aliyemaliza. "Mzikeni kwanza!" akasema. "Akishafika chini mtabishana vile mnataka."

Tulikuzika bila wimbo wowote wa Radi Nyeusi. Tunakuomba msamaha, ingawa kosa ni lako.

Baadaye, watu wakila, Mzee Wasike alikuwa amekaa peke yake na sahani haijaguswa. "Alinichezea," akasema. "Miaka yote hii alinichezea." Mzee Sankale akaenda akaketi karibu naye.

"Mimi alikuja kwangu pampu ikiwa nzima," Mzee Sankale akamwambia. "Akasema amesikia mota inalia vibaya. Mota haikuwa inalia. Nilikuwa nimezika mama watoto, na sikuwa naongea na mtu, hata watoto wangu. Akaniuliza mimi ni wa nani. Nikasema Gakuru. Akaniambia Gakuru alikuwa anaimba kama punda. Nilikasirika! Nikaongea mpaka ng'ombe wakarudi."

Mzee Wasike naye akasema kwamba, baada ya siku ile ya ntheo, ulianza kumtembelea akiwa ndio amestaafu, wakati simu yake ilikuwa haipigwi na mtu tena. Akavuta sahani yake, akaanza kula.

Hatujui kama ulikuwa umepanga hivyo, au ulikuwa unapenda tu kubishana. Tunakufahamu. Huenda ni yote mawili. Lakini ungetuambia sisi watoto wako, Baba, hata mara moja, ni enzi gani hasa ilikuwa yako. Mwanao Kitonga amepekua kanda zako zote, na zote zimechakaa sawasawa.

Mwaka huu wazee hao wawili wamekuwa wakija kwetu Jumamosi. Hawabishani tena juu ya bendi. Wanabishana juu yako, ulikuwa wa nani. Wanamaliza chai, wanamaliza mandazi, wanapiga meza. Mwezi uliopita walikosana vibaya, kila mmoja akashika njia yake na kusema harudi. Jumamosi iliyofuata nyumba ilikuwa kimya. Mama alikuwa ameomba kimya hicho tangu aolewe. Alikaa nacho mpaka saa sita hivi, kisha akachukua simu akampigia Mzee Wasike, halafu Mzee Sankale. Wote wawili aliwaambia neno moja, kwa ukali: "Hiyo Radi Nyeusi yenu, enzi zote mbili, ni kelele tu. Hakuna hata wimbo mmoja mzuri."

Walifika wakiwa wamekasirika sana. Mama alikuwa tayari ameweka maji ya chai jikoni.

Unakumbukwa na mke wako Phylis, watoto wako Ndanu na Kitonga, mkwe wako Khisa na mjukuu wako, kaka yako Muema, dada yako Evalyne, Mzee Wasike, na Mzee Sankale, ambaye si wa ukoo lakini amekataa jina lake liachwe.

Daima tutakukumbuka, Baba. Hukutuachia njia nyingine.