Gari Lililomwamkia Mama

Tunduma, Jumamosi usiku

Bado nacheka, mbavu zinaniuma. Nilikuwa nimeshaamua kabisa: pikapu yangu kuukuu naiuza, nachukua lile gari dogo jeupe lililotoka Japani. Nikampeleka Mama yadi alione, maana yeye ndiye ninayempandisha kwao Itumba, mlimani, kila mwisho wa mwezi.

Dalali akawasha. Sauti ya kike ikasema kitu kwa Kijapani, kwa upole sana. Mama, pale kiti cha nyuma, akaitika: "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Dalali akainamia usukani. Mimi nikatoka nje, nisije nikamcheka mzazi. Mama akanikemea: "Binti ana adabu hivyo, halafu mnamcheka?"

Wakati wa kurudi, ndani ya pikapu inayonguruma, nikamwuliza tuchukue lipi. Wasiwasi wangu ni masika. Nikikwama na hilo jipya kule mlimani, kwenye utelezi, na Mama yumo ndani...

Akaipiga dashibodi kofi. "Yule anasalimia vizuri. Lakini hii ndiyo inayonifikisha kwetu."

Basi, haiuzwi! Kesho asubuhi kabla sijaiwasha nitaiambia shikamoo. Umri inao.