Jezi ya Kijani ya Tallåsa

Jumanne, 3 Septemba

Nimerudi kijijini Tallåsa na shahada ya historia, na bado hakuna aliyeniomba niitumie. Ylva, jirani niliyekua naye, ameniomba miguu. Klabu ya kijiji ya mbio za ramani na dira, zile za kutafuta vituo vyenye bendera msituni, imebakiwa na wakimbiaji wawili, yeye na Mwalimu Gunvor. Mbio za kupokezana zinataka watatu. Januari klabu inamezwa na ile ya mjini. Ylva anataka jina letu lionekane kwenye matokeo mara hii ya mwisho. Nimekubali—kwa hoja, si kwa huruma!

Jioni, zoezi la kwanza. Nilimweleza Ylva kwamba ramani si ardhi bali tafsiri ya ardhi, na kila tafsiri ina upendeleo wake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Haya, Profesa. Ukimaliza kuitafsiri, igeuze. Umeishika kichwa chini."

Nilikuwa nikielekea kusini kwa ufasaha mkubwa.

Alhamisi, 5 Septemba

Harufu ya msitu baada ya mvua! Utomvu, udongo mweusi, majani yaliyolowa. Mara nikawa na miaka minane tena: buti za mpira, soseji juu ya moto, baba akitusubiri barabarani na chupa ya supu moto ya matunda ya porini. Ni Gunvor aliyetufundisha, darasa la pili, kuweka kidole gumba juu ya ramani pale mtu aliposimama, na kukisogeza kadiri anavyokwenda.

Leo sikukisogeza. Ya nini? Kituo nilikijua: nyuma ya jiwe kubwa tulilokuwa tukiliita Kanisa, ndani ya misonobari minene. Nikakimbia kwa kumbukumbu, kifua mbele. Misonobari haipo. Imekatwa yote. Visiki, mwanga mtupu, na jiwe lenyewe—dogo kama banda la kuku. Nilisimama pale muda mrefu, na si kwa sababu ya kupotea tu. Wanahistoria tumezoea kusoma juu ya vilivyotoweka. Hatufundishwi la kufanya vinapokuwa vyetu.

Gunvor alinikuta hapo. Goti lake bovu, anakimbia kama kiti kinachoyumba, lakini ulimi mzima.

"Torkel, mwanangu, unafanya nini?"

"Nalitazama Kanisa, Mwalimu."

"Ibada imekwisha. Kituo kiko kule."

Jumamosi, 14 Septemba

Mama ametoa kabatini jezi ya kijani ya klabu aliyokuwa akiivaa baba, niivae kesho mbioni. Nimempigia baba—siku hizi yuko jijini Malmö na hakimbilii hata basi. Akauliza kama bado inawasha shingoni. Nikasema inawasha vibaya sana. "Vizuri," akasema.

Jumapili, 15 Septemba

Naandika nimesimama uwanjani, shingo ikiwasha. Ylva alikimbia zamu ya kwanza vizuri ajabu—nafasi ya nne!—akamgusa Gunvor mkono. Tangu hapo, hakuna habari. Zamu ya tatu ni yangu.

Washindi wameshamaliza, wanakunywa kahawa na kuoneshana kwenye ramani walikopita, kama tulivyofanya utotoni. Msimamizi ametangaza desturi ya miaka yote: wale ambao wenzao hawajarudi waanze pamoja sasa, muda utajumlishwa baadaye. Nikamwambia kuwa kupokezana bila kupokea ni upuuzi wa kimantiki. Niliendelea kidogo.

"Hoja nzuri," akasema. "Asiyeanza sasa, timu yake haimo kwenye matokeo."

Ylva akanivuta mkono. Anataka nisimame mstarini.

"Namsubiri Mwalimu. Yeye ndiye aliyenianzisha. Nataka nipokee kwake."

"Yeye anataka jina la klabu, we msomi! Mkono wako ataufanyia nini?"

Nikafungua daftari hili nianze kuandika.

—Huyu hapa! Gunvor ametoka msituni, anachechemea mteremkoni, ramani mkononi. Watu wanapiga makofi. Amesimama. Anasoma namba za vituo vyake. Pale ukingoni mwa msitu kuna bendera mbili za vituo jirani, kila moja na namba yake, na naona kabisa amepitia ya timu nyingine. Asiporudi kwenye bendera yake, timu nzima inafutwa. Anageuka! Anapanda tena, na goti lile. Amenyanyua mkono bila kutazama nyuma, na sauti ni ileile ya darasa la pili:

"Nenda, Torkel! Usinisimamie hapo kama kisiki!"

Uwanja mzima umecheka. Amemezwa na miti, kijani ndani ya kijani. Wenzangu wameinama mstarini. Msimamizi ameinua bendera. Ylva amenyoosha kiganja mbele yangu, macho yake yako msituni. Anataka kalamu. Haya, nakwenda