Ng'ombe Wako Bado Wapo Zizini

Ushirombo,
9 Julai 1973

Kwa dada yangu Justa, Mama Kamili,

Shikamoo dada. Mimi mdogo wako Gelasius ni mzima, nakula, nalala, na kile kikohozi cha masika kimeniacha. Wewe hujambo? Kamili ameshasimama dede au bado anatambaa? Na mguu wa shemeji Maduhu je, umepona? Hapa nyumbani baba na mama wanakusalimu sana. Mama amesema nikuandikie kwamba mtama umekuwa mzuri mwaka huu, ila ndege nao wamekula sehemu yao. Nimeshaandika, asije akasema sikukuambia.

Sasa dada, nataka kuoa. Najua utacheka, maana ulizoea kuniona nakimbia msichana akinisalimu. Ni Paskalina, binti wa katekista, yule wa kwaya mwenye sauti ya kuwaamsha wazee kanisani. Mwezi uliopita tulikwenda kwa Padre kuandikishwa. Kumbe Padre hawaulizi wachumba pamoja. Huwaita mmoja mmoja, na mlango unafungwa. Mimi niliingia nimejiandaa kwa katekisimu, amri za Mungu na za Kanisa zote ziko mdomoni. Wapi! Aliniuliza swali moja tu, kwa nini nataka kumwoa binti huyu. Nikajibu kwamba ninampenda. Akauliza kama ni hilo tu. Nikasema ni hilo tu, Padre. Akaweka kalamu chini, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili, nikiwa nimefikiri kama hilo linatosha.

Unanijua, dada. Mtu akinipa swali siwezi kulala nalo peke yangu. Msimu huu nimepata kazi ya kupima pamba kwenye chama cha ushirika, na wakulima hupanga foleni tangu alfajiri. Basi kila aliyeweka gunia lake kwenye mizani nilimsomea uzito, kisha nikamwuliza alioa kwa sababu gani. Foleni ilikwama, lakini hakuna aliyelalamika. Walikuwa wakisogea karibu ili wasikie.

Mzee Mabula, yule jirani yetu wa ng'ambo ya mto, alisema alimwoa mkewe kwa kuwa alimwona akilima na jembe halitui. Mambo ya kupenda hakuwa na habari nayo. Miaka saba baadaye mkewe akaenda Shinyanga kwenye msiba wa mama yake, akakaa mwezi mzima, na mzee akajikuta anamgombeza mbwa bila kosa. Ndipo alipojua kwamba anampenda, na mpaka leo hajamwambia. Watu walicheka mpaka karani mwenzangu akatoka ofisini kuja kuona kuna nini. Mama Ignas, muuza maandazi, yeye alitoroka na mumewe kwa kupenda, hakusikia la mtu. Anasema kupenda kwenyewe huja na kuondoka kama homa, na siku ambazo hakupo yeye huangalia tu kama mume ameleta kuni. Nikamwuliza, akirudishwa usichanani, atatoroka tena? Akanipa andazi la bure, akasema ndiyo, mjinga wewe.

Dada, nilikuwa nafurahi kweli. Nilikuwa na majibu ya kumpelekea Padre hata ya kubakiza. Alibaki mama tu. Nilimkuta anapepeta mtama, nikamwuliza kama alimpenda baba alipoolewa. Akacheka. Akasema enzi zao hawakuulizwa, na kwamba baba alikuja kuwa mtu wake polepole, baada ya watoto wawili. Kisha akaacha kupepeta. Akasema kama kweli nataka kujua habari ya kuolewa bila kupenda, mbona nawauliza watu wote pale kwenye mizani na dada yangu simwulizi?

Nilishindwa kumtazama. Nikamwambia nawahi kazini, na siku ile ilikuwa Jumapili.

Sasa nitakuambia neno nililokaa nalo miaka mitatu, na naona aibu. Unaikumbuka siku ile tunachuma pamba kule bondeni, posa ya Maduhu ilipokuwa imefika. Ulinishika mkono ukaniambia kwamba humchukii yule mtu, ila humtaki, ni mtu mzima aliyefiwa na mke na wewe huoni la kuzungumza naye. Na kwa kuwa binti hawezi kumwambia baba neno kama hilo usoni, ukaniomba niende mimi. Nikaenda. Jioni nikarudi nikakuambia baba amekataa, ameshatoa neno lake kwa watu. Hukuniuliza tena.

Dada, sikumwambia. Nilimkuta baba zizini akionyesha kwa fimbo mahali watakapolala ng'ombe wa mahari yako. Akasema hao ndio watakaonipatia mimi mke, kama desturi yetu ilivyo. Nami nilikuwa nimeshamwona Paskalina kwenye kwaya. Nilifungua mdomo, nikauliza habari za kamba za ndama. Tena baba mwenyewe aliniuliza mbona Justa siku hizi hacheki, nikamjibu ni haya ya bibi harusi. Nilikudanganya wewe, nikamdanganya na yeye, kwa sababu nilikuwa nampenda msichana. Hivyo ndivyo kupenda kwangu kulivyo, na hilo Padre sikumwambia.

Maduhu ni mtu mwema, sikatai. Nilipokuja huko kwenu Nyarugusu mwaka jana alinichinjia jogoo. Wewe ulimtengea maji ya kuoga, ukazungumza naye kwa heshima kama mgeni kutoka serikalini. Siku tatu nzima nilitazama kama mtacheka pamoja, sikuona. Nikajiambia pengine mnacheka mimi nikiondoka.

Jumatano nilimweleza baba. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alisema hajui angejibu nini siku ile, lakini mimi nilimnyang'anya nafasi ya kujibu. Paskalina naye nilimweleza. Siku mbili hakusema nami. Siku ya tatu akaja mbele ya foleni nzima akaniambia kwamba bado ananipenda, na hilo ndilo linalomuudhi, ila hataingia nyumbani kwangu kwa kukukanyaga wewe mgongoni. Akaniamuru nikuandikie. Wiki mbili za Padre zimekwisha na sijarudi kwake.

Basi dada, nakuuliza wewe. Ng'ombe wako bado wapo zizini pamoja na ndama wao, hakuna hata mmoja aliyekwenda kwa akina Paskalina. Ukitaka kurudi, baba amesema urudi. Ng'ombe watarudishwa kwa Maduhu, na habari ya Kamili wazee watakaa waizungumze. Sikufichi, haitakuwa rahisi. Mimi nitakaa bila mke mpaka nipate ng'ombe kwa jasho langu, na Paskalina akichoka kungoja sitamlaumu. Ukitaka kubaki, ubaki kwa sababu yako mwenyewe, hata ikiwa ndogo, usibaki kwa ajili yangu. Pengine miaka hii mitatu imebadilisha kitu moyoni mwako, pengine haikubadilisha. Sijui, na ninataka kujua, hata likiwa neno la kunichoma.

Barua hii inaletwa na Valerian, dereva wa lori la pamba, naye atakaa huko siku mbili. Ukiona vigumu kuandika, mwambie tu nije, nami nitakuja. Kamili msagie karanga alizotumiwa na bibi yake. Shemeji nashindwa nimsalimie vipi safari hii. Msalimie utakavyoona inafaa. Jibu utakalonipa, dada, nitalifikisha kwa baba kama lilivyotoka kinywani mwako.

Ni mimi mdogo wako,
Gelasius