Fomu Iliuliza Mlezi, Nikaandika Mjomba

Mama Kornelia, shikamoo. Mimi ni msikilizaji wako wa huku Nandagala, naandika mtoto yuko mgongoni na uji uko jikoni, kwa hiyo mwandiko utanisamehe, ila hili jambo limenikaa kooni wiki nzima na naomba unisaidie kulitoa.

Mimi ni askari wa akiba. Nilipita JKT, nikajifunza udereva, nikarudi kulima ufuta kama wenzangu, na kila nikiitwa mazoezini naenda. Sasa mwezi uliopita nimepigiwa simu kwamba nimechaguliwa kwenda ng'ambo na kikosi cha kulinda amani, nikaendeshe gari la wagonjwa, miezi tisa, nchi yenyewe tumeambiwa tusiitangaze ovyo. Mama, nililia kwa furaha. Sindano za safari nimeshachomwa mpaka mkono ukavimba, pasipoti ipo, buti nimepewa, na kila jioni najizoeza kufunga kamba kwenye yale matundu ishirini huku binti yangu Sabaha, ana mwaka na miezi minne, bado ananyonya na anaota meno, amelikalia buti la pili analitafuna. Usingizi sina, lakini moyo ulikuwa mweupe.

Mume wangu Bashiri hakukataa. Ndiye aliyenisukuma. Alisema, "Nenda mke wangu, gari unaliweza kuliko hawa wanaovaa miwani ya jua." Na nikiwa shambani ndiye anayemwogesha Sabaha, anamlisha, na akikohoa yeye anajua kama ni kifua au ni deko.

Shida ni fomu. Kuna mahali wameandika: mlezi wa mtoto wakati askari hayupo. Mimi nikaandika Shehe, kaka yangu wa Naipingo. Sikuwaza hata dakika moja Mama Kornelia, kwetu Wamwera mtoto ni wa upande wa mama na mjomba ndiye mwenye neno, na mama yangu alikuwa ameshanipigia akasema, "Mume ni wa kuja, kaka umezaliwa naye," halafu Bashiri naye huwa anakwenda Namungo kwenye mashimo ya dhahabu, anaweza kukaa wiki mbili simu haishiki, nikaona nimefanya la akili.

Tukaenda wote kwa mtendaji kupiga muhuri, watu wamejaa kwenye benchi. Mtendaji akawa anasoma ili ahakiki: "Mlezi wa mtoto, Shehe, mjomba." Mzee mmoja akacheka, akasema, "Bashiri, kumbe wewe mpangaji!" Watu wakaangua kicheko. Tulipofika nyumbani ndipo Bashiri akasema, "Kwa hiyo mimi nilikuwa bodaboda? Nimekufikisha, nimeshusha, niondoke?" Nikamwambia ni fomu tu. Akasema, "Basi nenda, sikuzuii. Ila mtoto mpeleke huko ulikoandika."

Tangu siku hiyo haongei na mimi, anapitisha maneno kwa mtoto. "Sabaha, mwambie mama yako uji umeiva." "Sabaha, mwambie mama yako jeshi limepiga simu." Bado anamwogesha, bado anambeba, lakini juzi nimemkuta anapanga nguo za Sabaha kwenye mfuko, anazikunja moja moja, vizuri kabisa, nikashindwa kusimama pale.

Kaka yangu ni mtu mzuri, ila Sabaha akimwona analia. Na fomu inatakiwa irudi Ijumaa hii ikiwa na sahihi ya mume, isiporudi nafasi anapewa mwingine. Nikibadilisha jina, mama na kaka nitawaambia nini? Nisipobadilisha, nyumba sina. Au niiache safari? Wewe soma tu redioni, Bashiri hakukosi kila Jumanne, labda kwako atasikia.

Mama Sabaha.

*

Marahaba, mwanangu. Kwanza pole, na hongera.

Hilo la kuacha safari liondoe mezani. Mtu asiyetaka kwenda hahesabu matundu ya buti. Utakwenda. Tuongee mengine.

Umekosea, na nakwambia wazi. Mila yenu siigusi, mjomba ana heshima yake na aendelee kuwa nayo. Lakini fomu haikukuuliza Sabaha ni wa ukoo gani. Imeuliza mtoto akiamka na homa, nani anajua kikohozi chake? Jibu umeniandikia mwenyewe, tena bila kuulizwa. Kama mashimo ya Namungo yalikutia wasiwasi, ungemwambia Bashiri usoni. Wewe ukamwachia mtendaji amwambie, mbele ya benchi zima.

Kwa hiyo kesho asubuhi omba fomu mpya. Kisha rudi na mume wako palepale kwa mtendaji, watu wakiwepo, umwombe radhi wasikie. Aibu ya barazani haiponi chumbani. Yule mzee mcheshi akiwepo, vizuri zaidi.

Kutoka hapo pandeni wote watatu mwende Naipingo. Usipige simu. Kaka yako mwambie hivi: "Neno la ukoo ni lako, kulea ni kwa baba yake, na nakuomba uje kumwona kila mwezi mpaka akuzoee." Mjomba wa kweli atafurahi. Mama yako akinuna, mwache anune, utamkuta amesahau ukirudi na zawadi.

Kuhusu kunyonya, usisubiri siku ya safari ndipo upake ziwa shubiri, mtoto akaachwa mara mbili, na ziwa na mama. Anza leo. Jioni baba yake amlaze, wewe kaa kwa jirani. Utalia, najua. Lia huko huko kwa jirani.

Na wewe Bashiri, maana najua umekaa hapo. Umeumizwa, una haki. Lakini acha kumtuma mtoto, hata miaka miwili hajafikisha na umeshamwajiri posta! Mke wako ana masikio, mwambie yeye. Na dhahabu ya Namungo ipumzike miezi tisa, haitaota miguu. Mwanaume aliyekunja nguo za mtoto moja moja hataki mtoto aende popote. Zitoe kwenye mfuko, baba.

Mama Sabaha, mkishafika kwa mtendaji, pale penye mlezi usiandike chochote. Mpe Bashiri kalamu, ajaze jina lake mwenyewe.