Vema Niliyomwekea Siwema

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijarukwa na akili, jina langu usilitoe, niite Mama wa Chemchem tu, na haya majina mengine nimeyageuza maana hapa Tabora tunajuana.

Mume wangu Thabit ana duka, na mimi jioni nafundisha kisomo cha watu wazima, sasa mwaka jana biashara ilipolala akabuni mchezo, ndani ya kila pakiti ya karanga kikaratasi chenye herufi moja, ukikusanya ukaunda jina la mji wetu, TABORA, unapewa cherehani iliyokaa pale dirishani, na vikaratasi niliviandika mimi kwa sababu mwandiko wangu mzuri, akaniambia R usiandike hata moja, andika L kwa wingi, nikamuuliza L ya nini, akacheka, akasema, "Kwani hujawasikia wanavyosema? Tabola! Wakiipata L watajiona wamebakiza kidogo, watanunua mpaka basi."

Na kweli walinunua. Siwema, mwanafunzi wangu wa mtaa wa Cheyo, mjane, aliitaka ile cherehani ashone sare za shule apate pa kushika, akaipata L mapema, akabakiza B tu, na Thabit pakiti za B akazificha chini ya kaunta, kila akimwona anakata tamaa anamnong'oneza, "Mama, B imetoka jana, zamu yako i karibu," basi akauza kuku, akauza mbuzi, watoto wake wakala karanga asubuhi, karanga jioni. Siku moja darasani akaniletea daftari, ameandika TABOLA, akaniuliza, "Mwalimu, ni hivi?" Mshauri, nilijua. Nikamwekea alama ya vema.

Wiki ile ile Thabit akamwachia B. Siwema alikuja dukani na khanga yake ya sikukuu, majirani nyuma wakipiga vigelegele, akazipanga herufi kwenye kaunta akaisoma kwa sauti, na sikuwahi kumsikia akisoma neno zima bila kukwama. Thabit akasema, "Tabola iko wapi, mama? Katafute kwenye ramani." Wateja wakacheka. Siwema hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, akafungua daftari kwenye ile vema, akalishika hivyo. Nami nikajifanya napanga sabuni.

Hajarudi darasani. Nasikia daftari ameliwashia moto, anasema kusoma ni ujanja wa wenye maduka. Na sasa Thabit anataka niandike vikaratasi vya neno jipya, nikikataa, talaka. Silali, sili, kila herufi ninayoandika ubaoni inanisuta. Nifanye nini mimi?

*

Mama wa Chemchem, marahaba.

Pole, lakini pole yangu ni fupi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na R zako zote zimekaa vizuri. Kumbe unajua kuziandika!

Usimtupie Thabit mzigo wote. Yeye aliuza karanga, wewe uliuza ualimu. Mchezo usio na njia ya kushinda ni wizi, na wizi huu umemfanya mtu mzima ajione mjinga kwa lafudhi aliyoipata kwa mama yake. Sikudanganyi: huenda Siwema asikusamehe kamwe, na mbuzi wake harudi. Kama unakwenda kwake kutafuta usingizi wako, baki nyumbani.

Sasa sikia. Vikaratasi vipya usiandike hata kimoja. Talaka unayotishiwa ipeleke kwa balozi wako wa nyumba kumi, pamoja na zile pakiti za chini ya kaunta, ukamweleze yote Thabit akiwa amekaa hapo hapo. Cherehani itoke dirishani iende Cheyo kwa Siwema, na Thabit akigoma, uza bangili zako ununue nyingine. Halafu darasani, mbele ya waliobaki, andika TABORA ubaoni, uwaambie R ilikuwa wapi na ni nani aliyewanyima.

Kisha nenda kwa Siwema. Daftari jipya usimpelekee, wala usimwombe arudi. Mwambie vema ile ilikuwa ya uongo na ulijua ulipoiweka. Akikufukuza, ondoka. Akinyamaza, nawe usimlaumu. Wewe ndiye uliyetangulia kunyamaza.