Kwato za Kondoo wa Nekesa

Jumatatu, 4 Mei
Nimetoka kiwandani, nimewalisha kondoo kando ya barabara ya Kangundo, nimewarudisha. Kama kawaida. Ila Nafula anachechemea. Nimeinua mguu wake wa mbele: kwato imeachana na nyama, na harufu yake afadhali mitaro yote ya Njiru. Wale wanne wengine nao wanakanyaga kwa uoga. Lawama zote kwa yule dume wa kupandisha niliyemwazima kule Ruai. Mimi kondoo sijawahi kuwapenda. Ni wa mke wangu. Nekesa alipokwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani aliniachia niwatunze mpaka arudi, na mkataba wake unaisha Julai. Nafula ni zawadi ya marehemu mama yake. Huyu hawezi kufia mikononi mwangu.

Jumatano, 6 Mei
Daktari wa mifugo amekuja. Binti mdogo, mkali. "Mzee, hii inaambukizana. Huyu umtenge leo leo, na hawa wote waingie kwa dawa kila siku." Amekata palipooza, amemdunga Nafula sindano. Dawa yenyewe ni mrututu, ile ya buluu, inayeyushwa kwenye beseni pana. Kondoo anasimama humo, kisha anakaa pakavu. Wanyweshwe maji safi kwanza, maana wakiinywa itawaua. Pakavu, mwezi wa Mei! Nimeomba maranda kwa seremala, nimeyatandika bandani, na Nafula nimemtenga pembeni kwa mabati.

Alhamisi, 7 Mei
Hawaingii. Nimesukuma, nimevuta, nimewatukana kwa Kibukusu. Beseni limepinduka, suruali imekuwa ya buluu. Mama Ciru wa mlango wa pili alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba Wafula, si upigie mwenye kondoo!"

Nekesa angeita tu, wangemfuata popote. Basi nikafungua simu, nikaweka ule ujumbe wa sauti aliotuma Krismasi, akiwasalimu mmoja mmoja kwa jina. Masikio juu. Wakaja wote wanne, wakaingia kwenye dawa, wakasimama wakiitazama simu. Nami nikasimama. Nimeurudia mara tatu. Mara ya tatu haikuwa kwa ajili ya kondoo.

Jumapili, 10 Mei
Nekesa alipiga simu nilipotoka kanisani. Tajiri wake anataka aongeze miaka miwili. "Unaonaje, Baba Wafula?" Nikasema sawa. Tena haraka, kama mtu anayepisha gari. Si sawa hata kidogo. Nilitaka kusema rudi, nimechoka kupikia mtu mmoja. Anatakiwa kutoa jibu mwisho wa mwezi. Habari za kwato sikumwambia.

Jumatano, 13 Mei
Mvua tangu asubuhi. Nafula analia akiwaita wenzake ng'ambo ya mabati, nao wanamjibu. Nusura nimwachilie. Nikamkumbuka daktari. Nimechukua ugali wangu nikala huko kwake, nimeketi juu ya ndoo. Alinyamaza.

Jumapili, 17 Mei
Nimeweka sauti ya Nekesa. Hakuna aliyekuja. Wameitazama simu, wakarudi kutafuna. Wamejua hakuna mtu. Nikawaita wasaliti. Kisha nikaogopa, maana kwato hazijakauka bado na wasipoingia kwenye dawa tunaanza upya. Nimewabeba mmoja mmoja. Mgongo umekwisha.

Jumanne, 19 Mei
Mgongo ulikataa kubeba. Nikaita mwenyewe, kwa majina, vile anavyoita yeye. Nilijisikia mjinga. Wakaja. Hata Nafula alikuwa anasukuma mlango wake. Wakasimama kwenye dawa wakiniangalia mimi. Ingefaa nifurahi. Nimeumia. Nilitaka wanikatae, wamngoje yeye. Sasa anayemngoja ni mimi peke yangu.

Ijumaa, 22 Mei
Daktari amepita. Kwato kavu, harufu imekwisha. Nafula amerudi kwa wenzake na anakanyaga vizuri.

Nimemwandikia Nekesa ujumbe. Kwamba kondoo wake waliugua, wamepona, na siku hizi wananifuata mimi. Arudi Julai kabla hawajamsahau. Juu yangu sikuandika kitu.

Ameusoma. Hajajibu. Saa hizi huwa anapiga pasi.